Herufi ya Pili Kutoka Mwisho

Nyanyake mke wangu alinikuta kwa mara ya kwanza nikiwa nimechuchumaa katikati ya maboga yake, nikigeuzageuza jani. Nilikuwa nimekuja Kanyakine, kwa Wameru, kujulishwa kwa familia. Badala ya kukaa sebuleni ningoje chai kama wageni wenye adabu, niliona kupitia dirisha majani yenye mabaka ya kijani na manjano, yamejikunja kingo, nikatoka bila kuaga. Ndivyo nilivyo. Jani lenye mabaka silipiti, kama vile wengine wasivyopita mlango wa baa.

"Wewe ndiye mgeni?" akauliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo umenyooka kuliko wangu, na mkononi alishika sufuria ya maganda ya ndizi ya kupelekea ng'ombe.

"Ndio, Cucu," nikajibu, kama wajukuu wa huko wanavyomwita nyanya.

"Na mbona uko kwa shamba na chai iko ndani?"

Nikamwambia boga lake linaumwa. Akanijibu kwamba anajua, linaumwa tangu mvua ianze, na hata yeye anaumwa na magoti lakini hajaona mtu akimwinamia namna hiyo. Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ameuma mdomo wa chini asicheke. Kichwa alikuwa akikitikisa polepole, kushoto na kulia. Mtikiso huo naomba uukumbuke, maana ndio ulioniokoa baadaye.

Yeye ni mwalimu wa hesabu na kemia, na wakati huo alikuwa akifundisha shule ya upili isiyo mbali na hapo. Nyanyake ndiye aliyemlea tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Mimi ni Mmbeere wa Gachoka, na nafanya kazi katika maabara ya chuo kimoja mjini Embu. Kwa macho ya Kanyakine, ambako ardhi ni nyekundu na ndizi hazijui kiangazi, sisi wa Mbeere ni watu wa asali na vumbi. Nyanya hakulificha hilo. Aliniuliza, tukiwa bado tumesimama kwenye maboga, kama ni kweli kwetu mbuzi hula karatasi. Nikasema hula, lakini zile tu zisizo na maandishi ya maana.

Alicheka kidogo. Kisha akauliza swali ambalo watu wote huniuliza, na ambalo hunipandisha hasira kila mara: "Kwa hivyo wewe ni mtu wa dawa?"

Mimi si mtu wa dawa. Nimelisema hili matangani, kanisani, sokoni Mikinduri tulipokwenda kuokota majani ya utafiti, na bado hakuna anayeniamini. Magonjwa haya ya virusi hayana dawa ya kunyunyiza. Unang'oa mmea unaougua, unapanda mbegu safi, unapambana na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Basi. Kazi yangu mimi ni kuuliza swali moja, na kwa Nyanya nililieleza nikiwa nimeshika jani lake lenye mabaka.

Nilimwambia hivi. Kirusi cha aina hii hakina mwili wa maana. Ni nyuzi chache tu zinazoitwa RNA, zilizofungwa ndani ya ganda, na kila uzi umeandikwa kwa herufi nne zinazorudiwarudiwa. Uzi ukiingia ndani ya boga, boga lenyewe, kwa ukarimu wake, huusoma na kutengeneza kilichoandikwa humo. Na kilichoandikwa humo ni kimeng'enya, fundi wa kunakili. Fundi huyo ana umbo la mkono wa kulia, ana kiganja, vidole na gumba. Kazi yake ni kuushika uzi wa kirusi na kuunakili, tena na tena, mpaka boga lijae nakala na majani yajikunje.

"Sasa sikiza, Cucu. Ndani ya boga kuna nyuzi nyingi sana, na karibu zote ni za boga lenyewe. Huyu fundi hana macho. Anajuaje uzi wa kwao ni upi?"

Nyanya alinitazama kwa makini. "Anajuaje?"

"Kwa mkia. Mwisho wa uzi wa kirusi umejikunja kwa namna yake, una kitanzi, na kwenye kitanzi kuna herufi moja imechomoza nje. Fundi anapapasa mpaka aguse hapo. Akishagusa, ameujua. Halafu anaanza kunakili kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyumenyume. Na hata haanzi na herufi ya mwisho kabisa. Ile anairuka. Anaanza na ya pili kutoka mwisho."

"Kwa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini katika shamba la maboga. Nilifurahi sana. Nikamweleza kwamba ile herufi ya mwisho kabisa hubandikwa baadaye na boga lenyewe, kwa sababu mkia wa kirusi unajifanya ndugu wa boga. Umejikunja kwa kuigiza aina moja ya nyuzi za nyumbani zinazobeba vifaa vya kujenga mwili, kwa hiyo boga hudanganyika na kuuhudumia kama mwenyeji.

"Kwa hivyo huyo fundi haangalii uso," akasema.

"Hapana, Cucu. Haangalii uso. Ni mkia tu."

"Ni kama mwanaume anachagua bibi kwa miguu."

Tulicheka wote, mimi zaidi. Tukaingia ndani tukanywa chai. Sasa nikikumbuka naona sikupaswa kucheka kiasi kile, kwa maana yule mwanamke hakuwa akichekesha tu. Alikuwa akiweka akiba.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Maabara yetu haina makuu. Kuna majokofu, mashine ya kuzungusha vichupa, na dirisha linaloangalia upande wa mlima, siku mlima unapokubali kuangaliwa. Tulikuwa tukisaga majani ya maboga yaliyougua, kila kitu kikiwa ndani ya barafu, tukichuja mpaka tubaki na kile kimeng'enya kikiwa hai. Stima ikipotea mchana, kazi ya siku mbili inakwisha hivihivi, na mimi nilikuwa nikiipigia kelele ile swichi ya ukutani kana kwamba ndiyo yenye makosa. Lakini siku stima ilipokaa, tulifanya jambo ambalo hata leo likinijia natabasamu.

Tulichukua uzi usio wa kirusi, kipande cha uzi wa boga lenyewe ambacho kimeng'enya hakikuwahi kukigusa. Tukakitengenezea mkia wa kirusi na kukibandika. Kisha tukakiweka mbele ya yule fundi. Alikinakili. Bila aibu, bila kusita, kuanzia herufi ya pili kutoka mwisho, fundi alinakili kitu kisichokuwa cha kwao kwa sababu tu kilikuwa kimevaa mkia anaoujua. Mstari wa nakala uling'aa pale kwenye jeli ya kupimia, nami nikaita kila aliyekuwa kwenye korido aje aone.

Nilikuwa nikimcheka. "Mjinga wewe," nilimwambia kimeng'enya kwa Kimbeere, peke yangu. "Wamekuvalisha viatu vya mtu mwingine na hujui." Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jumamosi mchumba wangu alikuwa akishuka Embu, tunakaa kwenye hoteli moja ndogo nyuma ya soko, yeye na karatasi za wanafunzi za kusahihisha, mimi na mhadhara wangu. Nilitakiwa kuutoa mbele ya walimu wa chuo, na nilikuwa naufanyia mazoezi kwake. Nina ugonjwa mmoja. Nikiwa na wasiwasi, ninapofika pale kimeng'enya kinapoanza kunakili, ulimi wangu unateleza na kusema "kinaanza na herufi ya mwisho." Najua si kweli. Ndiyo habari yote ya utafiti wangu, ile ya pili kutoka mwisho, lakini ulimi haukubali. Na kila mara, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, bila hata kusimamisha kalamu, mwalimu wangu alitikisa kichwa, kushoto na kulia.

"Ya pili," alisema. "Endelea."

"Si nimesema ya pili?"

"Umesema ya mwisho. Endelea."

Hatukuwahi kuzungumza mapenzi mengi pale mezani, nakiri. Tulizungumza mikia, alama za wanafunzi, na bei ya chapati. Lakini nikitaka kumweleza mtu ni lini nilijua kwamba huyu ndiye, nitamwambia ni pale.

Kisha ikafika siku ya kwenda kwao na wazee. Ilikuwa mwezi wa saba, na Kanyakine mwezi wa saba ni baridi ya kuuma masikio. Wajomba zangu walitoka Gachoka wamevaa makoti waliyoazima, wamebeba kibuyu cha asali kwa heshima kama mtu abebaye mtoto mchanga, maana kwa Wameru huwezi kuomba msichana bila asali, na asali yetu ya Mbeere haina mpinzani. Hayo mengine ya kondoo na ng'ombe waliyazungumza wazee na yakaenda vizuri. Kilichoniogopesha mimi ni mchezo.

Mchezo wenyewe wanaujua wote waliowahi kuoa pande hizi siku hizi. Wanawake wa upande wa bibi harusi hufunikwa leso kuanzia kichwani, pamoja na yeye, na bwana harusi anaambiwa achague. Akikosea, anatozwa faini, watu wanavunjika mbavu, anarudia. Wengi huuchukulia kama utani. Lakini wiki moja kabla ya siku hiyo mchumba wangu alinipigia simu, sauti yake imebadilika.

"Cucu amesema yeye haoni kama ni mchezo," aliniambia. "Amesema kama hunijui hawezi kunibariki niende mbali hivyo. Na unajua mimi bila baraka yake siendi."

Nilimjua. Asingekwenda. Mtu aliyemwogesha, akamtembeza kwenda shule ya chekechea, akauza maziwa asubuhi na jioni ili amlipie chuo, huyo asingeachwa nyuma amenuna. Nami sikutaka kuchukua mke aliyeacha moyo wake nusu Kanyakine.

"Basi tufanyeje?"

Akashusha sauti. "Nitavaa zile sandali."

Zile sandali nilimnunulia mimi, za ngozi, zenye shanga za bluu na nyeupe kwenye mikanda, zilizoshonwa na fundi mmoja wa Embu ambaye hashoni jozi mbili zinazofanana. Hapakuwa na nyingine duniani. Nikacheka kwa nafuu. Sisi wawili, wasomi wazima, tukaamini tumemaliza kazi.

Siku yenyewe walituketisha chini ya hema, baba na wajomba upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Akina mama walikuwa wakiimba nyuma ya nyumba. Wakaja na benchi la kanisa, wakaliweka mbele yetu, na wanawake wakaletwa wakishikwa mikono, wamefunikwa leso za aina moja mpaka magotini, nyekundu zote, na kukalishwa benchi zima. Kukalishwa. Hilo sikulitarajia. Mtu akikaa humjui urefu, humjui mwendo. Chini ya leso zilionekana sketi ndefu na soksi nene za sufi, kwa sababu ya baridi, na viatu vya kila namna: gambuti, raba, viatu vya kanisani. Na pale karibu na ncha ya kushoto, juu ya soksi za kijivu, sandali za ngozi zenye shanga za bluu na nyeupe.

Moyo wangu ulitulia kabisa. Hata nilijifanya kusitasita, nikapita mbele ya benchi mara moja, nikashika kidevu, nikarudi, ili watu wafurahie. Baba yangu aliniambia baadaye kwamba nilitembea kama mkaguzi wa shule. Nikasimama mbele ya sandali.

"Ni huyu," nikasema.

Leso ikafunuliwa. Alikuwa ni Nyanya.

Sijui nieleze vipi kelele zilizotokea. Akina mama waliruka. Mjomba wangu mkubwa, mtu mzito asiyecheka ovyo, alishika goti la jirani yake asianguke kwenye kiti. Nyanya mwenyewe alikuwa amekaa amenyooka, mikono mapajani, ameinua mguu mmoja kunionyesha sandali, akiugeuza huku na huku. Kiti chake cha heshima kule kwa wanawake kilikuwa kitupu tangu tulipofika, na mimi nilikiona, nikadhani ameenda kuangalia vyungu.

"Si uliniambia fundi anaangalia mkia?" akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimevaa mkia."

Nilisimama pale masikio yakiwaka moto katikati ya baridi. Alilifanya jaribio langu. Alichukua uzi mwingine, akaubandika mkia ule, akauweka mbele ya mjinga, na mjinga akaunakili. Baadaye nilijua kwamba alikuta sandali zimepangwa kando ya kitanda asubuhi hiyo, akazitazama, akazichukua bila neno. Mchumba wangu alipoziulizia, aliambiwa avae gambuti kama watu wengine.

Faini ilikuwa wajomba wangu wacheze mbele ya akina mama wa Kanyakine. Walicheza. Wambeere tunajua kucheza, siwezi kusema uongo, na yule mjomba mzito alisahau kwamba ni adhabu, akaombwa arudie. Lakini muziki ulipoisha Nyanya hakurudi kwenye kiti chake. Alibaki amesimama kando ya benchi na sandali zangu, na uso wake haukuwa tena wa utani.

"Huyu msichana nimemlea mimi," alisema. Alisema kwa Kimeru, polepole, ili sisi wa Mbeere tufuate, na tulifuata. "Huko anakoenda, mimi sitafika kila wiki. Akinyamaza kwa huzuni sitakuwa karibu nijue. Huyu ndiye atajua. Sasa ameonyesha kwamba anajua viatu. Viatu hata mimi najua. Atachagua mara nyingine moja. Akikosa, warudi nyumbani na asali yao, waje baada ya mavuno tuzungumze tena."

Mzee aliyekuwa msemaji wetu alijaribu kutabasamu, akaona hakuna wa kutabasamu naye. Sikuwa naona mchezo tena, nilikuwa naona mwanamke anayeogopa kupoteza mtoto, na chini ya leso moja kati ya zile, mtoto mwenyewe akisikiliza.

Msemaji wetu akauliza kwa heshima: kijana anaruhusiwa kuwagusa? Haruhusiwi. Kumwita mtu kwa jina? Haruhusiwi. Kusema?

Nyanya akafikiri. "Aseme akitaka. Lakini hakuna wa kumjibu."

Nilitazama benchi. Leso nyekundu, soksi, gambuti jozi nyingi. Nilitafuta bega ninalolijua, goti ninalolijua, sikuona. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi wangu wa maabara, na safari hii sikumcheka. Kwa sababu kuna jaribio jingine tulilolifanya ambalo sikumsimulia Nyanya. Tulibadilisha karibu herufi zote za shina la ule mkia, tukiweka nyingine mahali pake, mradi mkunjo ubaki uleule na ile herufi moja ibaki imechomoza pale kwenye kitanzi. Kimeng'enya kikaendelea kuujua. Tulipoirudisha ndani ile herufi moja, tukiziacha nyingine zote kama zilivyo, kikaupita uzi kama hakiujui. Kwa hiyo kilichokuwa kikitafutwa hakikuwa nguo. Ilikuwa ni kile kinachochomoza chenyewe, ambacho uzi hauwezi kukizuia.

Nini kwake huchomoza chenyewe?

Nikakohoa. Nikafunga vifungo vya koti. Na mbele ya koo mbili, wazee, akina mama, mchungaji, na kibuyu cha asali, nikaanza kutoa mhadhara wangu.

"Wazee wetu na mama zetu," nikasema, "katika jani la boga lenye mabaka, kuna fundi asiye na macho."

Nilimsikia mjomba mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ameanza kuhubiri." Baba yangu aliinamisha kichwa. Mimi nikaendelea. Nikaeleza nyuzi, nikaeleza ganda, nikaeleza mkono wenye vidole na gumba, taratibu, kama ninavyofanya kwenye hoteli ile nyuma ya soko. Nilisema yote sawasawa. Benchi halikutikisika. Leso zilikuwa zimetulia tuli, na mama mmoja wa upande wao alianza kupiga miayo.

"Sasa fundi amefika mkiani," nikasema. "Amekishika kile kitanzi. Anataka kuanza kunakili. Anaanza wapi? Wazee wangu, anaanza na herufi ya mwisho kabisa."

Leso moja ikatikisika. Kushoto, kulia.

Ilikuwa ni sekunde tu. Halafu ikaganda, kama mtu aliyeshtuka kwamba amejisahau. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi ni mtu wa maabara, na jaribio moja si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuwashwa na sikio. Nikaendelea.

"Narudia, ili tuelewane. Fundi haruki kitu. Herufi ya mwisho, ile ya mwisho kabisa, ndiyo anayoanza nayo."

Safari hii kichwa hakikutikisika. Alikuwa ameshanielewa, na alikuwa akijizuia kwa nguvu zake zote kwa heshima ya nyanyake. Lakini leso nzima ilianza kutetemeka, kuanzia mabegani, na gambuti mbili za kijani zikawa zinagongana visigino. Alikuwa anacheka na kulia, aliniambia hivyo baadaye, na hakujua kipi kinaongoza.

Nikaenda nikasimama mbele yake. Watu hupenda nikisimulia hapa niseme alikuwa wa pili kutoka mwisho wa benchi. Hakuwa. Alikuwa katikati, kati ya shangazi yake na mama mmoja wa kwaya. Mambo hayajipangi vizuri hivyo.

"Ni huyu," nikasema.

"Una hakika?" Nyanya akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka chini ya leso, ile sauti ya Jumamosi, imechoka na mimi na haina haja ya kuinua kichwa.

"Ni ya pili kutoka mwisho, aki. Nimekwambia mara ngapi?"

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Nyanya. Alicheka akashika benchi. Kisha akaifunua leso mwenyewe kwa mikono yake miwili, akampangusa mchumba wangu machozi na pembe ya ile leso, akanigeukia.

"Kumbe ni yeye anakujua," akasema. "Hiyo ni sawa pia. Hiyo hata ni afadhali."

Akatuwekea mikono vichwani, wote wawili, pale pale, akanena maneno ya baraka kwa Kimeru ambayo nusu yake sikuyapata na sikumwomba ayarudie. Asali ilifunguliwa. Mjomba mzito akacheza tena bila kuambiwa.

Zile sandali hakuzirudisha. Nilipomkumbusha kwa utani kwamba ni za mke wangu, aliniambia alizishinda kihalali.

Siku hizi tunaishi Embu. Mke wangu alipata uhamisho wa kuja kufundisha huku, na mhadhara wangu nimeshautoa mara nyingi, na nikifika pale pa hatari bado namtafuta kwa macho mtu asiyekuwepo ukumbini atikise kichwa. Macho ya Nyanya yameingiwa na ukungu. Madaktari wamejaribu, na yeye anasema ameshaona vya kutosha. Tunapanda Kanyakine kumwona kila tunapoweza. Mara ya mwisho mke wangu alibaki nyuma barabarani akisalimiana na jirani, nami nikatangulia peke yangu, nikapita kando ya maboga. Hayakuwa na mabaka, nilitazama. Sikupiga hodi. Nilidhani amelala, nikanyata mpaka mlangoni.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, soksi za kijivu, sandali za shanga, uso ameuelekeza ukutani.

"Huyo wa Mbeere avue viatu," alisema. "Ametoka kwa shamba langu tena."

Sikuwa nimesema neno. Nilisimama pale kizingitini, nikamuuliza amenijuaje.

"Si kwa miguu?" akasema, na akanyoosha mkono nije niushike.